Kwao Uyoga ni Wapi?

Sogeeni karibu. Karibu zaidi, msibanane. Leo nawaletea Sekela na uyoga wake.

Sekela alikuwa mdogo. Ndoo ya maji ilimfika kiunoni.

Mama yake alikwenda mjini kusomea uuguzi. Sekela akaletwa Tukuyu, kwa Shangazi Bupe. Tukuyu kuna migomba. Kuna baridi. Na mvua? Usiseme!

Tii, tii, tii, juu ya bati.

Sekela alimkumbuka mama. "Hapa si kwetu," alisema polepole.

Asubuhi moja akachungulia nyuma ya jiko. Palikuwa na gogo kuukuu, limeoza. Juu ya gogo, loo! Uyoga mmoja mdogo, mweupe, umevaa kofia.

Sekela akachuchumaa.

"Kwenu wapi, we mdogo wangu? Jamaa zako ni nani?"

Uyoga kimya.

"Uko peke yako," alisema Sekela. "Kama mimi. Ngoja nikutafutie kwenu."

Akamtazama kuku. Ko, ko, ko! Kuku alitembea huku na huku, akitafuta chakula. Wanyama ndivyo walivyo. Hutembea, hutafuta, hula.

Sekela akauwekea uyoga punje za mahindi. Uyoga haukula hata moja. Kuku akazila zote, mlafi yule!

"Basi wewe si mnyama. Kwenu wapi, we mdogo wangu? Jamaa zako ni nani?"

Akayatazama maharage bustanini. Majani yake ya kijani yalikuwa yakiota jua. Mimea haitembei. Hujipikia chakula chake yenyewe, kwa mwanga wa jua.

"Na wewe hutembei!" Sekela akaruka kwa furaha. "Kwenu ni huku!"

Akalivuta gogo. Hiii! Hiii! Akaliburura mpaka kwenye maharage, juani kabisa. Kisha akaenda kucheza.

Jua likawaka.

Mchana akarudi. Masikini! Uyoga umenyauka. Kofia imejikunja, imekuwa ya kahawia.

Sekela akaangua kilio. Shangazi Bupe akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Nini tena, mwanangu? Siafu?"

"Nimeua uyoga! Nilitaka kuupeleka kwao!"

Shangazi hakugomba. Akachuchumaa naye pale pale, gauni likaingia tope.

"Pole, mama. Huu si mnyama. Wala si mmea. Una jani la kijani? Hauna. Haujipikii."

"Basi hauna kwao!" Sekela akalia zaidi.

"Unako! Tena ukoo wake mkubwa. Unaitwa kuvu. Ukungu wa mkate ni kuvu. Hamira inayoumua maandazi yetu ni kuvu."

Sekela akafuta kamasi. "Hata hamira?"

"Hata hamira. Ndugu kabisa na uyoga."

Shangazi akabandua gome la gogo. Ndani mlikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba, zimetambaa kila mahali.

"Hizi ndizo mwili wake. Zinakula gogo bovu, kivulini, penye unyevu. Kofia imenyauka, lakini nyuzi ziko hai. Haya, tulirudishe."

Wakalivuta wote wawili. Hiii! Hiii!

Jioni Shangazi akatikisa kibuyu cha maziwa. Puku, puku, puku.

"Humu namo mna ukoo," alisema. "Bakteria. Wadogo mno, macho hayawaoni. Hao ndio wanaogandisha maziwa."

"Na kwenye dimbwi la mvua pale nje?"

"Huko wamo protista, ukoo mwingine tena. Wengi wao wadogo vilevile, na wengine wanaogelea."

"Wana kwao?"

"Wanako. Kwao ni humo majini."

Sekela akamsogelea. Kisha akauliza, sauti ndogo sana.

"Na mimi, shangazi? Kwetu wapi?"

Shangazi akaweka kibuyu chini. Akampakata.

"Kwenu ni kwa mama. Na kwenu ni hapa. Kote kuwili."

Usiku ule wakalala kitanda kimoja. Tii, tii, tii, juu ya bati.

Mvua ikanyesha, ikanyesha. Asubuhi moja Sekela akachungulia nyuma ya jiko.

"Shangazi! Njoo! Njoo!"

Uyoga! Uyoga tele, kofia kwa kofia, gogo zima!

"Wa kutazama tu," alisema Shangazi akicheka. "Si wa kula."

Wakati wa kulala, simu ya Shangazi ikaita. Alikuwa mama.

"Sekela wangu! Uko wapi, mwanangu?"

Sekela alikuwa chini ya blanketi, ubavuni kwa Shangazi. Miguu yake ilikuwa imepata joto.

"Niko kwetu, mama," alisema. "Njoo uone uyoga."