Mkono Ndani ya Kompyuta ya Uongo

Wewe ukichomoa kipanya na kishale kikaendelea kutembea kwenye kioo, utamlaumu nani? Ylva alilaumu betri. Halafu akakumbuka kuwa kipanya kile kilikuwa cha waya.

Kazi yake na wenzake pale Skövde, mji wa Uswidi, ilikuwa ya ajabu kidogo, ingawa wenyewe waliiita sanaa. Ndani ya programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta walijenga kompyuta ya uongo, yenye mafaili ya uongo na saa ya uongo, ili mchezaji adhani anapekua kompyuta ya bibi kizee fulani. Ylva alichora madirisha na vitufe. Torkel ndiye aliyeleta mwendo: kishale kinachositasita, kinarudi nyuma, kinapapasa. Wakubwa wakamsifu. "Kina roho!" walisema, wala hawakujua walisemalo.

Saa ya kahawa huko haikosi mtu. Ylva, Torkel na Sixten, fundi wa sauti, walikuwa mezani wakitafuna maandazi ya mdalasini waliposikia herufi zikibonyezwa kwenye chumba walichokiacha kitupu. Ta. Ta-ta. Ta.

"Sixten, umeacha nini wazi?" Ylva alinong'ona.

"Mimi si huyu hapa natafuna, dada? Nina mikono mingapi?"

Torkel hakucheka. Hewa ilikuwa inanuka kafuri.

Walipoingia, kompyuta ya uongo ilikuwa imeandika: MKONO WANGU.

"Utani gani huu, Torkel?" Sixten alifoka, akaufuta mradi mzima. Ukarudi wenyewe. Kesho yake mkono wake wa kulia ulilala, kijiko haushiki, na madaktari wakapima wakachoka.

Ylva akamwita mama mmoja anayesafisha nyumba zenye mizimu. Mama yule aliishia mlangoni, wala koti hakuvua.

"Huyu hakuja, wanangu. Ameletwa. Aliyemleta aseme, maana mimi simuwezi." Akaenda zake.

Alasiri hiyo, giza la mapema la Desemba likiwa limeshabana madirishani, Ylva aligusa kipanya ili azime tu aende nyumbani, na baridi ikamwingia kwenye ncha za vidole, ikapanda kiganjani, ikapanda kiwikoni, na alipotaka kuuondoa mkono haukuondoka, kwa sababu haukuwa wake tena, ulikuwa unaongozwa, taratibu, kwa kusitasita kulekule kulikosifiwa, herufi baada ya herufi, huku harufu ya kafuri ikimjaa kooni na kioo kikisema: TORKEL UNANIONA TORKEL UNANIONA.

"Torkel," alisema kwa sauti ndogo, "inapanda begani."

Torkel alitazama viatu vyake.

"Sema, bwana! Nakufa hapa, wewe unatazama viatu?"

"Ni shangazi Gunvor."

"Yule uliyemzika kiangazi?"

"Nilitega kinasa cha kishale na herufi kwenye kompyuta yake, bila kumwambia. Nilitaka mwendo wa mzee wa kweli, si wa kubuni." Akaendelea: "Siku aliyopigwa na kiharusi nilikuwa namwona kupitia kinasa hicho, Ylva. Nimekaa kiti hikihiki. Mkono unamfia, na anaandika kwa huohuo, anaomba msaada."

"Ukafanya nini?"

Baridi ilikuwa imemfika Ylva shingoni.

"Kishale kilikuwa kinatetemeka vizuri mno," Torkel alisema. "Niliendelea kurekodi."