Miguu ya Rubani

Nyumba ya Bibi Tumwagile ipo hapo hapo Kilosa, jirani na reli, na anayedhani haya ni porojo aende akamsalimie mwenyewe. Jumamosi ile hapakuwa na jambo. Bibi alikuwa barazani anachambua mchele, kuku wanamzunguka wakisubiri chenga, na mjukuu wake Verdiana, aliyerudi likizo kutoka chuoni Morogoro, ameinamia ndege ya plastiki ya kuunganisha.

Ndege hiyo alitaka kumkabidhi kaka yake Kasian, rubani anayeleta watalii mbugani Mikumi. Mwili ulikuwa tayari, mabawa yameshakauka. Kilichobaki ni rubani, kimtu kisichofika hata urefu wa kidole gumba, na ndicho kilichomtia hasira tangu asubuhi.

"Eti rangi ya ngozi!" Akainua kichupa cha rangi ya waridi kilichokuja na boksi. "Ngozi ya nani? Bibi, kwani sisi haturushi ndege?"

"Rusheni tu, mama, mradi chai yako isipoe."

Akakisukuma kichupa kando, akachanganya kahawia na tone la nyekundu. Hakumpaka rubani uso wa kubuni. Aliegemeza simu kwenye kikombe, picha ya Kasian ikamtazama, akainakili: taya, masharubu, hadi lile kovu la juu ya jicho la kushoto, kwa brashi iliyochongoka kama sindano. Alipomalizia macho, kimtu kikawa kama kinataka kumwita "we, Vedi."

Sasa rubani akagoma kuketi. Magoti yaligonga dashibodi. Waundaji wa vitu hivi wanajua dawa yake: ukishafunga kioo cha juu, ya chini hakuna anayeyaona, kwa hiyo unapunguza. Verdiana akachukua wembe. Tak. Tak. Miguu ikadondoka, na rubani akaingia kitini kama aliyezaliwa humo.

Bibi aliacha kuchambua.

"Huyo si Kasian?"

"Ndiye. Amefanana, eeh?"

"Miguu yake iko wapi?"

"Haionekani, Bibi. Kwani humo ndani atatembea aende wapi?"

"Mtu aliye hai humpi sura yake kisha ukampitishia wembe," Bibi alisema taratibu. "Irudishe."

"Ushahidi, Bibi! Naomba ushahidi. Maneno haya haya ndiyo watu wanayatumia kuwaua vikongwe, eti macho mekundu. Nimelisema hilo kwenye mdahalo chuoni, mbele ya ukumbi mzima, na hakuna aliyenijibu."

"Mimi siko ukumbini. Irudishe."

Simu ikaita. Ikateleza kwenye kikombe, ikaanguka kifudifudi. Verdiana akaigeuza, akaipokea kwa spika. Jina lilikuwa la Kasian. Sauti haikuwa yake.

"Dada, mimi Goodhope, mlinzi wa uwanja wa ndege huku Mikumi." Alikuwa ananong'ona. "Kaka yako ametua, ndege ikaacha njia. Abiria wazima. Yeye hashuki."

"Ameumia?"

"Hana hata mchubuko. Anasema miguu haipo. Mimi naiona, dada. Ipo. Nimemgonga goti. Limelia kama dumu tupu."

Kisha Kasian mwenyewe. "Vedi. Nilikuwa nakanyaga pedali, mara nikawa sikanyagi kitu. Baridi inapanda. Imeshafika kiunoni." Pumzi zilikatika. "Mwambie Bibi asitoke nje. Huku wameshaanza kumtaja. Wanasema aliyenilea ndiye anayenifunga."

Hasira ikampanda Verdiana. Siku zote hasira humpa maneno. Safari hii haikumpa hata moja. Alitazama chini. Wembe bado ulikuwa mkononi mwake.

Akapiga magoti. Mguu mmoja ulikuwa chini ya mkeka. Wa pili haukuwepo. Akapapasa. Pumba. Chenga. Vumbi.

"Tumboni sasa," simu ilisema.

Bibi akanyoosha kidole. Mtetea mwekundu alikuwa anachapuka kuelekea jikoni, kitu kinaning'inia mdomoni. Bibi, ambaye hata mvua haikimbii, alimrukia. Akamfinya shingo. Mtetea akatema.

"Upesi, mwanangu."

Gundi ya plastiki hutaka muda mrefu kushika. Muda haukuwepo. Verdiana akachomoa rubani kitini, akafungua supa gluu, ile ambayo ikishashika imeshika, ukilazimisha unang'oa na ngozi.

"Kifuani, Vedi."

Mguu. Bana. Mguu mwingine. Bana.

"Kasian?"

Akaongeza sauti ya simu.

"Kaka?"

Mlango ukafunguka, upande wa pili wa simu. Kishindo cha mtu anayeruka chini. Halafu kicheko, kile cha kwao, cha kupasua ngoma za masikio. "Imerudi! Bibi, imerudi!" Bibi akaketi juu ya mchele wake, akalia kwa Kinyakyusa.

Kasian alifika Kilosa kesho yake, kwa miguu kutoka stendi. Alitembea vizuri tu, hachechemei.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Pita, pita."

Verdiana alishajiandaa. Uchovu. Neva. Hofu ya kutua. Hoja alikuwa nazo, na nguvu za kuzisema zilikuwa zimeanza kumrudia. Hapo akaona viatu.

"Kaka, umevaa kinyume. Cha kulia kiko kushoto."

Kasian hakucheka. "Nimejaribu kubadili," alisema kwa sauti ya chini, kama asiyetaka viatu visikie. "Vinabana. Hivi ndivyo vinanikaa."

Akavivua mlangoni, akatoka nyuma kwenda kunawa.

Bibi alimsogelea Verdiana sikioni. "Ulipoigandisha ile miguu, uliangalia upi ni upi?"

Verdiana alikuwa anatazama ua, ambao Bibi aliufagia alfajiri. Nyayo za Kasian zilikwenda hadi bombani, moja mbele ya nyingine, safi kabisa. Na katika kila unyayo, kidole kikubwa kilikuwa upande wa nje.