Tumeelewa, Mwalimu!

Kila asubuhi Chiriku alikuwa na kazi tatu: kupiga mswaki, kupiga viatu rangi na kumwamsha mama mdogo. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomtoa jasho. Siku hiyo alimkuta amelala juu ya karatasi za manila, kalamu bado iko mkononi.

"Mama mdogo, kumekucha."

"Dakika moja tu."

"Jana pia ulisema dakika moja, tukachelewa wote wawili!"

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama mdogo naye alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea shahada ya ualimu, na alikuwa amepangwa kufanya mazoezi ya kufundisha hesabu katika darasa lilelile la Chiriku. Nyumbani alikuwa mama mdogo. Wakishavuka geti la shule, alikuwa mwalimu. Chiriku alikosea mara nyingi wiki ya kwanza, na darasa likacheka mpaka likachoka.

Mezani, mama yake Chiriku alimsogezea mdogo wake kikombe cha chai.

"Sina njaa, dada."

"Nani amekuuliza njaa? Kunywa. Mwalimu mwenye usingizi hafundishi, anaota kwa sauti."

Mama mdogo alicheka kidogo, kisha machozi yakamlengalenga. Leo mhadhiri wa chuo alikuwa anakuja kumtazama akifundisha kwa mara ya pili. Mara ya kwanza mambo yalikwenda mrama. Mhadhiri alimwambia kwamba anasema mbio kama anayefukuzwa, wala hageuki kuona kama wanafunzi wanamfuata. Akianguka tena leo, atarudia mwaka mzima.

"Si umwombe ushauri Mwalimu Koti?" mama aliuliza. Mwalimu Koti ndiye aliyekuwa mwalimu wa hesabu wa darasa hilo siku zote, na chuo kilikuwa kimemwomba amlee mwalimu huyu mpya. Alivaa koti hata jua la mchana likiwaka.

"Nimuulize nini, dada? Ataona sijui kitu. Nitajikaza tu."

Chiriku aliyasikia yote, na roho ikamuuma. Alimpenda sana mama mdogo. Kabla ya chai kwisha, alikuwa amekwishapata mpango, na kama ilivyo mipango mingi ya Chiriku, ulikuwa wa kelele.

Wakati wa mapumziko aliwakusanya wenzake karibu na bomba la maji.

"Mhadhiri anakuja leo. Mwalimu akiuliza kama tumeelewa, tunajibu nini?"

"Tumeelewa," walijibu wachache.

"Mbona mnajibu kama wagonjwa? Kwa nguvu!"

"Tumeelewa, mwalimu!"

"Na ambaye hajaelewa je?" aliuliza Tambo, mvulana mrefu aliyekaa naye dawati moja.

"Anyamaze! Ukiuliza swali mbele ya mhadhiri, unamchongea mwalimu wetu. Unataka arudie mwaka?"

Tambo hakutaka. Hakuna aliyetaka. Mwalimu huyu hakuwa na kisirani, na alimjua kila mmoja kwa jina. Wakakubaliana.

Kipindi kilipoanza, mhadhiri, mama mmoja mwenye miwani, aliketi nyuma kabisa, karibu na dawati la Chiriku. Mwalimu Koti alisimama mlangoni. Mama mdogo, sasa mwalimu, akaandika ubaoni: nusu kujumlisha theluthi. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikashika kasi. Chaki ilikimbia, namba zikaota juu ya namba, na jibu likatokea mwishoni: tano juu ya sita.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa, mwalimu!" Madirisha nusura yaitikie.

Uso wa mwalimu ulichangamka. Akawapa swali kama lile walifanye wenyewe: nusu kujumlisha robo. Chiriku alijumlisha namba za juu, akajumlisha na za chini, akapata mbili juu ya sita. Akachungulia kwa Tambo: mbili juu ya sita. Akanyoosha shingo dawati la mbele: yaleyale. Alipogeuka akamwona mhadhiri naye anatazama daftari la Tambo. Kisha mhadhiri akaandika kitu kwenye karatasi yake.

"Mmemaliza? Kuna mwenye swali?"

"Hakuna, mwalimu!"

Mwalimu akachukua kifutio ili aendelee mbele. Chiriku ndiye aliyewafunga wenzake midomo, na sasa mama mdogo alikuwa anaangushwa na walewale waliotaka kumwokoa. Akinyamaza, amemponza. Akisema, darasa zima litamwona msaliti. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi sijaelewa."

"Wewe!" Tambo alimnong'oneza, akamkanyaga mguu.

Mwalimu alimtazama Chiriku, akamtazama mhadhiri, na kifutio kikamponyoka. Kisha akavuta pumzi.

"Ahsante kwa kusema. Nani mwingine hajaelewa? Sitakasirika."

Mkono wa Tambo ukapanda polepole. Ukafuata mwingine, na mwingine, hadi ikawa rahisi zaidi kuhesabu waliobaki chini.

Mwalimu alichungulia madaftari ya mbele, akaona mbili juu ya sita kila mahali. Akafunga andalio lake la somo na kuliweka mezani. Akachukua karatasi ya manila, akakata vipande viwili virefu vilivyolingana.

"Huu ni mkate," alisema, taratibu sasa, akikunja kipande cha kwanza katikati. "Nina nusu yake. Mama ananiongezea robo. Madaftari yenu yanasema nina mbili juu ya sita. Tambo, njoo uukunje huu wa pili sehemu sita sawa, unionyeshe mbili."

Tambo alikunja, akashika sehemu mbili, akaziweka kando ya ile nusu. Akakodoa macho.

"Mwalimu, ni fupi kuliko nusu!"

"Nimeongezewa mkate, halafu umepungua?"

"Basi aliyejumlisha ni panya!" alidakia mmoja, na darasa likaangua kicheko. Hata Mwalimu Koti alicheka kule mlangoni.

"Haya, tumfukuze panya. Tufanye nini ili vipande vilingane?"

Chiriku aliitazama karatasi. "Tuikunje nusu tena. Itakuwa robo mbili."

"Na ukiongeza ile robo moja?"

"Robo tatu!" Safari hii hakuna aliyekuwa amewafundisha kuitikia. Mwalimu hakuridhika na sauti tu. Alipita dawati hadi dawati, akaangalia kila daftari.

Kipindi kilipokwisha, mhadhiri alimwita mwalimu nje, chini ya dirisha. Chiriku alitega sikio dirishani, kimya, jambo lililowashangaza wengi.

"Nusu ya kwanza ulikuwa unaanguka," mhadhiri alisema. "Nusu ya pili umefundisha. Ualimu ni huo, kuacha ulichoandaa pale watoto wanapopotea. Umefaulu."

Mama mdogo aliegemea ukuta, akalia na kucheka kwa pamoja. Chiriku alitoka mbio na kumkumbatia, akasahau kabisa kwamba wako shuleni.

"Nisamehe, mama mdogo. Mimi ndiye niliyewaambia wasiulize. Niliogopa wangekuona hujui kufundisha."

Mwalimu Koti, aliyekuwa amesogea, akatikisa kichwa. "Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Anayesema 'nimeelewa' ilhali hajaelewa anajidanganya mwenyewe, na anamnyima mwalimu wake nafasi ya kumsaidia. Kuuliza si ujinga."

Chiriku aliinamisha kichwa. Lakini mama mdogo ndiye aliyeonekana kuguswa zaidi. Alifuta machozi, akamgeukia Mwalimu Koti.

"Mwalimu, hata mimi kuna jambo sijaelewa. Wiki ijayo nafundisha desimali, na sijui nianzie wapi."

Mwalimu Koti aliingia naye darasani, akavua koti lake, akalitundika kwenye kiti na kumvutia kingine.

"Kaa hapa," alisema. "Tangu siku ya kwanza nasubiri uniulize."