Kichupa cha Jumatatu

Ukumbi wa maabara ulifurika watu waliokuja kutoa damu ya utafiti. Fundi rangi, shati limejaa madoa ya bluu, alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Mpimaji, dada mwenye koti jeupe na hereni za shanga, alimfunga mpira mkononi.

"Dada, polepole. Mkono huo ndio unaonilisha."

"Mwanaume mzima unaogopa sindano?"

"Sindano siiogopi. Naogopa nisikuone tena."

Maneno ya kuokoteza hayo, lakini yalimwingia. Ndani ya mwezi mmoja wakawa hawaachani, simu haipoi.

Sasa sikia balaa lilipoanzia. Kazi ya yule dada ilikuwa kuchungulia vimelea vya malaria vikivamia chembe nyekundu za damu. Kimelea huigusa chembe, hujigeuza mpaka ncha yake iikabili, hunasa, kisha husukuma na kuzama ndani. Kwenye damu ya fundi rangi vilinasa, vikasukuma weee, vikabanduka. Ngozi ya chembe zake ilikuwa imekaza mno. Mpimaji alilia pale pale kwenye darubini, maana mdogo wake wa mwisho alimfia mikononi kwa malaria.

Tangu hapo kila Jumatatu akawa anamwomba kichupa kimoja. Habari za kazi hamuulizi tena. Hata Jumamosi waliyoahidiana kwenda kutambulishwa kwa mama yake fundi, aliisahau.

Jioni hiyo simu ikalia. "Mama amekungoja tangu mchana."

"Nisamehe, laazizi. Nilikuwa na chembe zako."

"Chembe zangu. Na mimi mwenyewe je? Ukinipigia, unanitafuta mimi au damu?"

Alitakiwa kujibu papo hapo. Lakini ukweli ulikuwa vyote viwili. Simu ikakatwa.

Jumatatu fundi rangi alikuja, amevaa shati jipya lililopigwa pasi, mkono wa shati ameshaukunja.

"Mama anatungoja," alisema. "Weka sindano chini twende. Ukinitoa damu leo, nitakuwa nimekuelewa."

Mpimaji alimpenda, tena sana. Lakini nyuma yake visahani vya vimelea vilingoja, na mdogo wake alikufa akiwa na miaka minne tu. Akamfunga mpira.

"Leo huniambii niende polepole?" aliuliza dada.

"Leo hapo hapaumi."

Kichupa kilijaa. Akakibandika karatasi, akaandika tarehe. Alipoinua uso, kiti kilikuwa kitupu.