Mayai ya Katipunan

Waliozaliwa Manila hawaendi Intramuros, mji wa kale wa ndani ya ukuta. Wanapita nje ya ukuta wakienda kazini, wanasema siku moja tutaingia, halafu wanazeeka. Ditas Malabanan naye alikuwa hivyo hivyo, mpaka Jumamosi ile tajiri wa duka la miwani la Quiapo alipoamua kuwapeleka wafanyakazi wake matembezi. Ni mwendo wa asubuhi moja tu: ngome, kanisa, nyumba ya kale, ukuta, kisha chakula.

Lango la ngome lilikuwa limefurika. Farasi wa magari ya kukokotwa walifukuza nzi kwa mikia, muuza taho, ule uji mtamu wa soya, alivuta sauti yake ndefu, na watalii walipigana vikumbo ili wapigwe picha mahali pamoja. Ditas alivaa gauni la manjano na viatu vya visigino vyembamba kama penseli, viatu vya mtu ambaye hakuambiwa habari za mawe ya Wahispania. Kisigino kikazama kati ya mawe mawili. Akavuta, wapi. Kiongozi wa matembezi, kijana mrefu mwenye shati la nyuzi za nanasi na kofia pana ya majani, akapiga goti mbele ya kundi zima, akakichomoa.

"Wahispania walinasa hapa zaidi ya miaka mia tatu," alimwambia akimrudishia kiatu. "Wewe dada hata ndani hujaingia."

"Mimi nimenasa kwa bahati mbaya."

"Hata wao walisema hivyo."

Jina lake Pol Evangelio. Alisimulia mambo ya magavana na mapadri wa zamani kwa sauti ya mtu anayesengenya majirani, na ukiniuliza mimi, historia haina njia nyingine ya kusimuliwa. Mlangoni mwa kanisa la San Agustin aliuliza nani hajawahi kuingia. Ditas akainua mkono, akaambiwa aombe mambo matatu, kama tunavyofanya sote tukiingia kanisa kwa mara ya kwanza. Pol akaongeza kwamba yeye mwenyewe hayaamini mambo hayo ya bibi zetu, kama asivyowaamini wanaopeleka mayai kwa watawa wa Mtakatifu Klara kule Katipunan ili siku ya harusi yao mvua isinyeshe.

"Mvua haili mayai," alisema, na kundi likacheka.

Kisha akawaonyesha dari. Maua na nakshi zote zinaonekana zimechongwa, zimejitokeza kabisa, kumbe ni rangi iliyopakwa juu ya dari laini. Ditas, ambaye kazi yake ni kupima watu macho, alitazama mpaka shingo ikamuuma, akakiri amedanganywa vizuri. Haijulikani kama alisema habari za dari au za kijana.

Simu ya kwanza ilikuwa ya kuuliza hali ya kisigino. Ya pili ilikuwa ya kuuliza hali ya mwenye kisigino. Baada ya hapo hapakuwa na sababu tena, walipigiana tu. Pol alimwita Bibi Kisigino, naye Ditas akamwita Gavana wangu. Walikula maandazi ya nyama Binondo, wakagombania miavuli, wakaenda sinema wasiione. Hayo ya mwisho niliambiwa.

Jambo moja Pol hakulisema. Kijana aliyeweza kuongea tangu meli ya kwanza ya Wahispania mpaka ya mwisho bila kumeza mate, kwenye hilo alikuwa bubu. Na Ditas alihitaji kulisikia upesi, kwa sababu shangazi yake Purita alikuwa amekuja kutoka Toronto na habari kwamba amemtafutia kazi kwenye duka la miwani la huko. Karatasi zilikuwa tayari. Kilichobaki ni mtu kusema ndiyo na tiketi ikatwe. Ditas alimwomba shangazi angoje kidogo. Shangazi akauliza anangoja nini. Ditas akasema macho ya wateja ni mengi msimu huu.

Jumatano moja ya mawingu, akiwa ndani ya basi la jipni kule Katipunan, Ditas alimwona Pol. Shati limepigwa pasi, nywele zimelainishwa, mikononi trei ya mayai aliyoibeba kama mtu abebaye mtoto wa mwenzake. Akaingia kwa watawa.

Hakukuwa na mwanamke karibu. Hilo ndilo lililomuudhi Ditas zaidi: amemficha wapi? Maana kwetu hapa, kijana mzima asiyeamini mambo ya bibi zetu akionekana anaingiza mayai mlango ule, usiulize kama kuna harusi. Uliza ni lini.

Jioni alimpigia.

"Gavana wangu, leo ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, mpenzi. Nilikuwa nafua."

"Siku nzima?"

"Nguo zilikuwa nyingi."

Akamtakia nguo zikauke vizuri, akakata simu. Asubuhi alimwambia shangazi akate tiketi.

Pol alipiga, haikupokelewa. Akaja na mkate mtamu wa jibini, akaambiwa Ditas amelala. Saa kumi na moja jioni. Mkate ulipokelewa, hata hivyo, na Ditas aliumaliza wote huku analia. Pol akajua amenuniwa, lakini hakujua kosa lake.

Shangazi Purita hakutaka kuondoka bila kuiona Intramuros alimocheza utotoni, na alikuwa amejiandikisha na Ditas siku nyingi kwenye kundi la Pol, kwa kuwa Ditas mwenyewe ndiye aliyelisifia. Ditas alikataa kwenda. Shangazi akasema kama kijana anaoa mwingine, basi na amwone mtu anayepanda ndege na afya yake. Kwa hiyo Jumamosi walikwenda. Ditas alivaa gauni jeusi kama mfiwa, viatu vya chini, na miwani ya jua kubwa kuliko zote dukani. Jua lenyewe halikuwepo.

Pol alipomwona alifurahi mno, akadhani yameisha. Alianza kumkaribia, akakutana na ile miwani, akarudi kwenye mambo ya ngome. Siku hiyo alikosea magavana wawili. Kundi lilikuwa la walimu wastaafu kutoka Iloilo, na walimsahihisha. Kanisani alisimama chini ya dari akaeleza kwamba hakuna kilichochongwa pale, jicho lako tu ndilo linalodanganywa.

"Kwa hiyo dari na kiongozi ni ndugu," alisema shangazi, kwa sauti ya watu wote.

Walimu wakageuka. Pol akameza mate, akawaongoza kwenye ukuta haraka kuliko miguu yao ilivyopenda.

Juu ya ukuta hapana paa. Unaona bustani upande mmoja, na upande wa pili wacheza gofu wakifukuza mpira kwenye handaki la zamani. Pol alivua kofia, akatia mkono mfukoni, na tone la kwanza likamwangukia puani. La pili halikungojwa. Ikashuka mvua ya kwetu, ile isiyobisha hodi.

Pol aliangalia juu kama mtu aliyeibiwa. "Haiwezekani," alisema. "Mayai nilipeleka."

Mwalimu mmoja mzee akamkumbusha chini ya mwavuli kwamba asubuhi hii hii alisema mvua haili mayai.

Ditas alivua miwani. "Ya harusi ya nani?"

"Si ya harusi. Ya leo. Nilitaka kukuuliza neno hapa juu, nikaogopa mvua."

"Uliniambia unafua."

"Ningekwambiaje, Ditas? Kila Jumamosi nawacheka watu kwa mayai hayo. Halafu mimi mwenyewe nimesimama pale na trei, namwomba mtawa aiombee Jumamosi hii." Akatoa mkono mfukoni, pete ikiwa kiganjani. "Nioe mimi. Yaani, nikuoe. Vyovyote."

Hakuna mwalimu aliyemsahihisha.

Ditas alimtazama muda mrefu, mvua ikimtiririka usoni, na hiyo mvua ilimsaidia. "Shati lako linaonyesha mpaka kitovu," alisema.

"Nimekuuliza."

"Nimesikia." Akashuka ngazi polepole, akishika gauni.

Shangazi alibaki nyuma kidogo. Alimwambia Pol kwamba katika ukoo wa Malabanan mwanamume haombi mke juu ya ukuta kama askari wa zamu. Huja nyumbani na wazazi wake, na chakula. Kisha akamkumbusha kwamba ndege ni Jumatatu na tiketi ni mbili.

Jumapili simu ya Ditas ilizimwa. Jumatatu asubuhi pia. Mchana Pol aliketi kwenye ngazi za ngome na kofia magotini, akitazama kila ndege iliyopita, kana kwamba angeweza kujua ni ipi. Katika mojawapo, shangazi Purita alikuwa akilalamika kwa mhudumu kwamba kiti cha pembeni ni kitupu, na ameshakiwekea mkoba wake, mto wake na miguu yake.

Simu ikalia. Alikuwa Glenda, kiongozi mwenzake, aliyepeleka wageni Katipunan siku hiyo.

"Pol, hebu niambie. Yule mpima macho wako anaolewa na nani?"

"Kwa nini?"

"Nimemwona sasa hivi anaingia kwa watawa na mayai. Amevaa gauni la manjano."

Pol akasimama, kofia ikaanguka. "Trei moja?"

"Mbili. Anasema ile ya kwanza haikutosha."

Alimshukuru, akakata. Halafu akampigia mama yake. Habari za mayai hakumwambia. Alimuuliza tu kama ile sufuria kubwa ya shughuli waliyomwazima jirani imesharudi.