Fyuzi Chini ya Ulimi

Jumanne, jioni. Chumba cha nyuma, kilabu cha Hana, Singida mjini.

Antipasi alichora safari kwa punje za mtama juu ya meza. Punje hii mji. Ile Iguguno. Zile za katikati, korongo. Moja aliyokuwa akiisukuma kwa kidole ni pikapu ya ushirika, imebeba sanduku la malipo ya wakulima wa alizeti.

"Inashuka korongoni, inazimika. Mughwai?"

"Itazimika."

Mughwai alikuwa fundi umeme wa magari. Siku za kazi kama hii alikuwa pia dereva wa genge. Pikapu ile ilikuwa mikononi mwake kwa matengenezo tangu asubuhi. Aliupitisha waya wa koili, ule unaoipa injini cheche, kwenye fyuzi, baada ya fyuzi akaumenya ganda, akauacha uning'inie jirani na chuma. Greda lilikuwa limesawazisha barabara juzi hadi ukingo wa korongo. Mpaka hapo waya hautagusa kitu. Kule chini kwenye mawe gari litarukaruka, waya utagusa, shoti. Fyuzi inaungua, injini inanyamaza kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Ujanja huo aliutoa kwenye gari lake mwenyewe. Fyuzi moja ya kioo, chini ya dashibodi, karibu na goti. Ukiichomoa, gari ni bati tupu. Kila jioni aliondoka nayo mfukoni. Mwizi naye huogopa wezi.

"Na dereva?" akauliza. Dereva wa ushirika alikuwa Isaka wa Kinampanda, mume wa Dina, dada yake Mughwai.

"Haguswi. Nimeshasema."

Antipasi aliizima sigara ikiwa nusu, akaitia mfukoni. Sigara alinunua mojamoja, duka la Kurji.

"Bosi, kesho utanunua pakiti nzima?" akauliza Simeoni, mbeba gobore.

"Kesho."

"Mpelekee mzee Kurji kiti kwanza. Ataanguka."

Jumatano, saa nne asubuhi. Korongo.

Pikapu ikashuka. Ikaruka mara mbili. Ikazimika.

Mughwai alikuwa juu, ndani ya gari lake, kofia usoni. Aliwaona wenzake wakijitokeza, Antipasi na panga, Simeoni na gobore lenye umri wa bibi yake. Isaka alikuwa ameshafungua boneti. Alikuwa akiufuata waya kwa kidole, akafika kwenye kiungo kilichozungushiwa uzi mweusi juu ya utepe. Fundi mmoja tu Singida nzima alifunga hivyo, kwa sababu jua la huku huyeyusha utepe.

Isaka akainua kichwa. Hakulitazama panga. Akalitazama gari kule juu.

"Shemeji," akaita, bila hasira. "Si ungeniambia tu una shida."

Antipasi akageuka kwa Simeoni. "Mfunge mikono. Tunaenda naye hadi kwenye mashimo."

Mashimo ya dhahabu yaliyoachwa na wazungu. Kina chake hakuna aliyerudi kukisimulia.

Sanduku likapakiwa, Isaka akasukumwa nyuma. Mughwai akawasha gari.

"Ulisema haguswi."

"Amekujua," akasema Antipasi. "Uzi ni wako. Endesha."

Akaendesha. Alijipapasa moyoni kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, asikute hofu wala hasira. Kwenye kioo aliuona uso wa Isaka, vumbi kwenye kope. Dina atapika ugali jioni, ataufunika kwa sahani. Wazo hilo nalo likapita kama linamhusu mwingine.

Akajikuna goti. Gari likafa katikati ya mashamba yaliyovunwa. Mughwai akakohoa kwenye kiganja, na fyuzi ikaingia chini ya ulimi.

"Nini?" akauliza Antipasi.

Akapiga honi. Ikalia, betri hai. Akafungua boneti, akashika vichwa vya betri, akavitikisa. Akachukua taa ya kupimia, akagusa koili. Giza. Akaitazama platini, inayokata umeme wa cheche, kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na kosa lolote. Mwisho akatoa mfukoni fyuzi ya zamani, nyeusi.

"Imeungua."

"Funga karatasi ya sigara."

Kila dereva wa Singida alijua dawa hiyo: ile karatasi inayong'aa ndani ya pakiti, izungushe kwenye fyuzi iliyoungua, utafika. Mughwai akanyoosha kiganja.

Antipasi akaingiza mkono mfukoni. Ukatoka na sigara moja na nusu.

Simeoni akacheka, akajizuia. Akamwinamia mateka. "Mzee, unavuta?"

Pakiti ilikuwa ndani ya koti la Isaka, na dawa ya karatasi alifundishwa na Mughwai mwenyewe. Isaka akamtazama shemeji yake. Akalitazama shavu lake.

"Mimi mlokole, mwanangu. Hata ugoro sinusi."

Baba yake Simeoni alikuwa mwinjilisti. Hakuthubutu kumpekua.

"Funga waya basi," akasema Antipasi.

"Utaunguza gari."

"Mbona unaongea kama unamung'unya pipi?"

Kofi lilitua shavuni. Kioo kikapasuka mdomoni. Mughwai akameza damu, akainamia tena injini. Hakusikia maumivu. Alisikia yowe kutoka korongoni. Mtu alikuwa ameikuta pikapu.

Saa tano na nusu.

Mgambo walikuja na marungu, na nusu ya kijiji nyuma yao. Simeoni alilaza gobore juu ya boneti, akainua mikono. Antipasi alikimbia na sanduku. Angeliacha, huenda angefika vichakani. Walimkuta amelikumbatia kwenye mabua, ubahili mpaka mwisho.

Kamba aliyofunguliwa Isaka akafungwa nayo Mughwai. Isaka akatoa pakiti, akawasha sigara, akachutama mbele yake.

"Dina nikamwambieje?"

Mughwai akatema kwenye kiganja cha Isaka. Damu, vipande vya kioo, vifuniko viwili vya chuma. Isaka akaviinua juani, kama alivyofundishwa. Kati ya vifuniko, waya mwembamba kama unywele ulikuwa umepinda.

"Haujakatika, wala haujaungua," akasema.

Akaufunga ndani ya karatasi ya sigara, akautia mfukoni.