Kinsi wa Alasiri

Mwanzo ilikuwa harufu tu. Filsan alitia unsi, uvumba wa Kisomali, kwenye chetezo baada ya swala ya alasiri, kama wafanyavyo wanawake wote wa Hargeisa, na badala ya msandali na sukari ukapanda moshi wa nywele zinazoungua. Akachokoa makaa kwa kijiti. Juu ya kaa moja palikuwa na ukucha wa binadamu, mnene, wa manjano, unatoa povu.

Akautupa chooni, akanawa mikono mara tatu, kisha akarudi kumlisha mama yake.

Mama huyo, Bi Ambaro, hakuwa amesema neno tangu kiharusi kimlaze, miaka miwili sasa. Filsan alimwosha, akamgeuza, akamnywesha maziwa ya ngamia kwa kijiko. Mji mzima ulijua, maana mtandaoni, kwa jina lake la kweli, Mwalimu Filsan, aliweka picha za mkono wake wenye hina ukishika mkono uliosinyaa, na dua chini yake. Wageni walipokuja walimsomea mgonjwa maandishi hayo. Bi Ambaro hakusema lakini alisikia kila kitu, na machozi ya furaha yalimtoka.

Kisha kulikuwa na Kinsi.

Kinsi lilikuwa jina la kubuni la akaunti ya pili ya Filsan. Binamu yake Liban, fundi wa simu sokoni, ndiye aliyempa masharti: "Laini yake peke yake. Sura isionekane. Anayemjua Mwalimu asimfuate Kinsi, hata mmoja. Hao wawili wasisalimiane hata njiani, dada." Filsan alifuata yote. Kila alasiri, unsi ukifuka, alijifungia chumbani na kuandika: *Leo ananuka kama samli iliyooza. Nimemfuta mate, nikatamani kitambaa nikiache puani pake.* Watu asiowajua walimjibu kwamba nao wamechoka. Moyo ukishapoa, alitoka akamlisha mama kwa upole wa kweli. Wanaomlaumu hawajawahi kumgeuza mtu mzima kitandani peke yao.

Siku ya nne baada ya ukucha, Kinsi aliandika bila yeye.

*Leo nimelamba kijiko chake.*

Filsan alikimbilia jikoni. Kijiko cha mama kilikuwa kimefunikwa ute mzito wa kijivu, unaovutika kama ugali mbichi, na ulipomgusa kidole ulikuwa na joto la mdomo. Akatapika palepale. Akampigia Liban.

"Nani ana neno langu la siri?" alinong'ona.

"Hakuna aliyeingia, dada. Naona simu moja tu, yako. Umeandika mwenyewe."

"Wallahi sijaandika!"

"Basi umeandika ukiwa umelala. Punguza chai."

Kesho yake Kinsi aliweka picha: mdomo wa mama umepanuliwa kwa vidole viwili, na vidole hivyo vilikuwa na hina ya Mwalimu, ua kwa ua. Filsan aliiondoa, ikarudi. Mtu mmoja tu akiitambua hina ile, wageni watamsomea mama maandishi ya Kinsi, na mama atakufa akiwa ameyajua.

Akamwita Bi Shamis, mganga wa saar, ngoma ya majini. Mzee yule alisimama mlangoni, akanusa, akaziba pua kwa ncha ya shungi.

"Ptu! Nani kamwalika huyu?"

"Hakuna aliyemwalika, shangazi."

"Sisi tukitaka kumkalisha jini tunafanya nini? Tunashika saa moja kila siku, tunafukiza, tunamwita kwa jina, tunamlisha kilichooza moyoni. Wewe umefanya hivyo muda gani?"

Filsan aliinamisha kichwa, akamnong'oneza habari za Kinsi. "Mwaka na nusu."

"Mwaka na nusu! Mwanangu, mimi huchukua siku saba." Bi Shamis akapunguza sauti. "Huyu anakula siri. Mwambie mama yako uliyoandika, kwa kinywa chako, sasa hivi. Atakosa chakula, atatoka."

Filsan alimtazama mama, macho yale yanayomwamini. "Siwezi. Nitaifuta akaunti, iishe."

"Ukiifuta, atatafuta pengine pa kukaa."

"Nitaifuta!"

Bi Shamis alibeba mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Filsan alimfuta Kinsi alasiri hiyohiyo, akaona jina limetoweka, akapumua, akachukua bakuli la maziwa akaingia kwa mama, na alipoinua kijiko aliona shingo ya mama inavimba kama kuna kitu kinapanda taratibu kutoka tumboni, midomo iliyolala miaka miwili ikabandukana kwa ute wa kijivu, ulimi ukatoka ukakilamba kijiko pande zote mbili, na ndipo ikaja harufu ya nywele zinazoungua, na baada ya harufu ikaja sauti, nayo ilikuwa sauti ya Filsan mwenyewe.

"Leo ananuka kama samli iliyooza."

"Mama, nyamaza. Nakuomba."

"Nimemfuta mate, nikatamani kitambaa nikiache puani pake."

Mdomo ulikuwa ukitabasamu. Macho yalikuwa ya mama, yamemkodolea bintiye, na machozi yalikuwa yakimtiririka hadi masikioni. Alikuwa anasikia kila neno.

"Tia unsi, Mwalimu," mdomo ukasema. "Bado nina maneno yako ya mwaka na nusu."

Uani, wageni wa alasiri walikuwa wameshaanza kupiga hodi.